Reli ya Kasese Ilivyofunguliwa Kweli

Masika mwanangu,

Kesho unapanda treni kwenda Jinja. Habari za blanketi, sanduku na barua ya chuo cha wakunga mke wangu Biira amekwisha kukuambia mara tatu, nami sina la kuongeza. Ninyi wawili mmepanda mlimani Mahango kumuaga bibi yako, hamtarudi mpaka jua lizame. Nimebaki peke yangu mezani na karatasi hizi za ofisini na kalamu ninayoandikia namba za mabehewa. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika relini. Kwa Kikonzo ningeshindwa. Ndiyo lugha aliyosema nayo baba yako mara ya mwisho, na nikijaribu kuliandika jambo hili kwa lugha hiyo mkono unakataa.

Ulipokuwa mdogo ulipenda nikusimulie jinsi reli za kwanza zilivyofunguliwa katika nchi za watu. Habari hizo nilizipata kwa stesheni masta wetu wa zamani, yule Mhindi mwembamba aliyekuwa na kitabu kikubwa cha picha, na wewe ukazijua zote kwa moyo. Uingereza, mtu mmoja mkubwa wa bunge alishuka behewani siku ileile ya ufunguzi, akagongwa na treni ya pili mbele ya wageni waalikwa. Bombay, walipiga mizinga ishirini na mmoja treni ya kwanza ilipoondoka. Ujerumani, waliagiza injini kutoka Uingereza pamoja na mtu wa kuiendesha. China, reli ya kwanza haikumaliza hata miaka miwili, serikali ikainunua na kuing'oa. Hiyo ya China ilikuchekesha mno. Uliuliza, "Waliing'oa yote, Baba? Hata misumari?" Kisha kila mara ukamalizia, "Na ya kwetu?"

Ya kwetu nikakusimulia bendi, na bendera, na injini iliyovishwa maua, na wakubwa waliokaa kivulini. Yote yalikuwepo. Lakini kuna mtu nilimwondoa katika hadithi ile, na ulipoulizia habari zake nilikudanganya. Unakwenda kuwa mtu mzima mahali nisipokuona. Sitaki uondoke na uongo wangu ndani ya sanduku lako.

Unajua kwamba mimi si niliyekuzaa. Unajua kwamba aliyekuzaa ni mdogo wangu Bwambale, aliyekufa katika kazi ya kujenga reli kabla hujazaliwa. Unajua pia kwamba alikufa kwa ulevi wake. Hilo la tatu si kweli. Baba yako hakuwa amelewa.

Sisi wawili tulishuka kutoka Mahango pamoja, siku habari zilipofika kwamba wanatafuta vijana wa kujenga tuta kwenye mafunjo, kule reli inakopita ukingoni mwa ziwa. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa manne kwa wamisheni, yeye hakusoma hata moja, alikuwa akichunga mbuzi ili mimi nisome. Usilisahau hilo unapopima ni nani kati yetu alikuwa na akili. Yeye alikuwa mrefu, mwenye kucheka haraka, na miguu yake ilijua ardhi. Kule kwetu milimani udongo huporomoka mvua ikizidi. Alipokuwa na miaka kumi na mbili aliwahi kuwatoa watu wa nyumba mbili saa moja kabla mlima haujashuka juu yao, kwa sababu aliona ufa mdogo kwenye shamba la muhogo na hakuupenda. Watu wa Mahango waliokuwepo bado wanalikumbuka.

Katika miezi ile ya kazi alimpata mama yako. Kabugho alikuwa akivuka kutoka Kongo na mitungi ya mawese, akiuza kwenye soko la Bwera. Bwambale alikwenda kununua chumvi, akarudi bila chumvi. Walikaa pamoja kwenye vibanda vya wafanyakazi, na yeye ndiye aliyekuwa akitupikia sote wawili. Nilikula chakula chake mwaka mzima. Na hilo pia usilisahau.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mkandarasi mmoja wa udongo na mawe, ambaye simtaji, naye alikuwa na nyapara wake. Tulimwaga mawe ndani ya mafunjo mchana kutwa, na asubuhi tulikuta kinamasi kimeyameza. Tukamwaga tena. Mwishowe tuta lilisimama, reli zikalazwa juu yake, na kila mtu akaanza kuzungumza habari za siku ya ufunguzi. Wageni watakuja na treni maalumu kutoka Kampala. Nyapara akawa hapati usingizi. Mimi kwa kuwa nilijua kusoma nilikuwa nimepewa bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Treni ya mawe ilikwenda na kusimama kwa mkono wangu. Siwezi kukueleza jinsi nilivyojiona. Kijana wa Mahango, peku, anainua kitambaa na chuma chote kile kinamtii.

Asubuhi ya siku aliyokufa baba yako, kabla ya ufunguzi, mvua ilikuwa imenyesha kutwa na kucha. Treni ya mawe ilisimama ikingoja ishara yangu. Bwambale alikuwa katika kundi la wale wanaokaa juu ya mabehewa kufungua milango ili mawe yamwagike. Alishuka, akatembea pembeni mwa tuta, akachuchumaa, akarudi.

"Nyapara, tuta linatembea," alisema. "Kuna ufa. Unaingia kiganja."

"Ufa gani? Jana injinia amepita hapa."

"Jana haukuwepo."

"Wewe ni injinia?"

"Mimi ni mtu wa mlimani. Tungoje mpaka kesho kutwa, maji yapungue. Kama nasema uongo, nifukuze."

Nyapara alitazama saa yake. Alikuwa mtu wa pwani ya mbali, mnene, na siku zile macho yake yalikuwa mekundu. "Kesho kutwa sina," akasema. "Anayeogopa arudi kwao akalime muhogo. Ndugu yako huyu hapa, mbona yeye haogopi?"

Masika, nilikuwa nimeuona ule ufa. Nilikwenda nikautazama wakati wao wanabishana. Ulikuwa kama alivyosema.

Bwambale alinigeukia. Aliniuliza kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayeuliza kama ugali umeiva, "Kaka, unaonaje?"

Nyapara alikuwa ananitazama. Wiki iliyopita alikuwa ameniambia kwamba stesheni mpya ya Kasese itataka watu wachache wanaojua kusoma, na kwamba majina atayapeleka yeye.

Nikamwambia, "Panda."

Neno moja. Alipanda. Hakubisha, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, na kwa kuwa alidhani mtu aliyesoma ameona jambo ambalo yeye hakuliona. Nikainua bendera ya kijani.

Behewa la tatu ndilo lililokwenda. Tuta halikuvunjika kwa kishindo kama unavyofikiri. Lilikaa chini, kama ng'ombe anavyokaa, na behewa likalala ubavu pamoja na mawe yake yote. Wengine wawili waliruka upande wa kavu. Yeye aliangukia kwenye mafunjo na mawe yakamfuata. Tulichimba kwa mikono. Nilimsikia akiita. Aliita jina langu, si la Mungu wala la mama yetu, na aliliita kama mtu anayetaka kusaidiwa mzigo, bila hasira. Kisha hakuita tena. Tulimtoa siku ya pili.

Uchunguzi ulifanyika chini ya turubai. Karani alikuwa na maswali matatu tu. Nyapara alinichukua pembeni kwanza. Hakunitisha. Ningependa kukuambia kwamba alinitisha, lakini alizungumza nami kwa upole. Alisema, "Ndugu yako amekwisha kufa, hakuna neno litakalomrudisha. Sisi tulio hai ndio wenye taabu. Sema unavyoona."

Karani aliuliza, "Marehemu alikuwa amekunywa?"

Nikasema, "Ndiyo. Pombe ya tonto, tangu usiku."

"Alikatazwa kupanda?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mimi."

Aliandika, nikatia sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri, niliyojifunza kwa wamisheni. Kwa sahihi ile Kabugho hakupewa chochote wala mahali pa kukaa, akatolewa kwenye kibanda wiki ileile. Kwa sahihi ile baba yako alipandishwa Mahango akiwa na sifa ya mlevi aliyejiua kwa ujinga, na wazee wakamzika haraka, kwa aibu. Mama yangu, bibi yako unayemuaga leo, hakulia kwa sauti. Alikaa tu. Mimi nilisimama kando yake nikiwa nimevaa viatu vipya.

Sasa nikusimulie ufunguzi.

Bendi ilikuwepo. Bendera zilikuwepo, na maua kwenye injini, na watu walioshuka kutoka kila kilima, wengine hawajawahi kuona gurudumu la chuma. Injini ilipopiga mbinja wazee walilala chini na watoto wakalia, halafu kila mtu akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la stesheni na yunifomu ya khaki yenye vifungo vya shaba, kwa kuwa jina langu lilipelekwa. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuwazuia watu wasipite kamba. Mkubwa mmoja alihutubu, akasema reli hii ni kazi ya ujasiri, akawashukuru mainjinia na makandarasi, na Mungu. Nilingoja nisikie habari za waliokufa. Hakuna aliyezisema.

Kabugho alitokea katikati ya umati. Alikuwa na mimba yako, ya miezi sita hivi, na vumbi la safari nzima ya kutoka Bwera kwa miguu. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kamba.

"Shemeji," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Wakubwa wote beko hapa leo. Sema mbele yao. Bwana yangu alikunywa?"

Watu waligeuka. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu aliniuliza kwa ishara ya kichwa, huyu ana nini.

Nikamwambia mama yako, "Mama, rudi nyuma ya kamba."

Nilikuwa nimekula chakula chake mwaka mzima na nilimwita "mama" kama mtu anavyomwita mwanamke asiyemjua sokoni. Akasema, "Nimesikia," akarudi nyuma ya kamba. Bendi ikapiga. Hivyo ndivyo reli yetu ilivyofunguliwa. Zile za Uingereza na Bombay nilikusimulia kama zilivyo kitabuni.

Ulizaliwa Bwera, kwenye nyumba ya katekista mmoja. Ulipoanza kutembea ukoo ulitaka mtoto wao, nami ndiye niliyetumwa kukuchukua. Wazee walitaka nimrithi Kabugho pia, awe mke wa pili. Alinijibu kwamba afadhali alale na wale waliokufa kinamasini. Nilimwambia mwanamke aliyeachwa na mlevi hawezi kuchagua. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa kinywa hiki. Tulikuchukua ukiwa unalia, yeye akavuka mpaka kurudi kwao Kongo. Ulipoanza kuuliza, nikakuambia amekufa.

Hajafa, Masika. Najua jinsi unavyosoma mstari huu, kwa hiyo nitaurudia. Mama yako yu hai.

Unakumbuka miaka ile ya vita vya Kongo, wakati wakimbizi walipojaa Bwera na masista walikuwa wakigawa uji? Ulikuwa na miaka kama minane. Alikuwa miongoni mwao. Alifika hapa Kasese, mpaka stesheni, kwa kuwa nyumbani aliogopa kuja. Alitaka kukuona tu. Hakutaka kukuchukua, alisema mwenyewe kwamba hana pa kukulaza. Nilimwambia umepelekwa shule ya bweni mbali, Fort Portal. Ulikuwa umbali wa hatua mia mbili, ukicheza nyuma ya ghala na watoto wa stesheni masta. Sauti zenu zilikuwa zinasikika. Alisimama akizisikiliza kidogo, kisha akasema, "Watoto beko na furaha hapa," akaondoka. Sijui kama alijua. Niliogopa akikuona atakuambia, na ukijua hutaniita tena Baba. Sina sababu nyingine.

Stesheni masta aliona yote kutoka dirishani. Jioni yake tulikaa na kile kitabu chake, na kwa mara ya kwanza nilimwuliza, "Bwana, hawa waliochimba wako ukurasa gani?" Alidhani nauliza habari za Bombay. Alifunua mbele na nyuma, akasema, "Hawapo. Labda kitabu kingine." Kisha akaniuliza yule mwanamke ni nani. Nikasema ni mwenda wazimu. Alikuwa mtu mwema, na walipofukuzwa Wahindi aliondoka na treni yake mwenyewe akiwa na masanduku mawili, akaniachia kitabu. Nilimshika mkono nikitaka kumwambia ukweli hata yeye. Nikamwambia safari njema.

Na wewe ulikuwa unakua. Siku ile uliporudi kutoka shuleni ukiwa na kanga imechanika, kwa kuwa wasichana walikuita mtoto wa mlevi wa mafunjo nawe ukapigana nao watatu, ulinijia ukiwa hujanawa hata damu. "Baba, ni kweli alikuwa mlevi?" Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, ungelia, ungenichukia mwezi mmoja, labda mwaka, na ungebaki na baba. Nikasema, "Ni kweli. Wewe usiwe kama yeye." Wiki iliyofuata ulimwomba mwalimu mkuu afute jina la Bwambale kwenye daftari la shule aandike langu. Uliniletea habari hiyo kama zawadi. Biira akapika kuku.

Nilikaa mezani nikala kuku yule.

Nitakuambia kwa nini ninasema sasa, usije ukadhani ni utakatifu. Ni kwa sababu ya mwaka jana, nilipopigwa na wanajeshi. Ninyi mnaijua habari ile kwa upande wenu. Yule ofisa alitaka mabehewa yake yaondoke palepale, na treni ya shaba ilikuwa njiani kuja kutoka upande wa pili kwenye reli hiyohiyo.

"Fungua laini!" alisema.

"Afande, laini haiko wazi. Ingine inakuja."

"Wewe mutu gani? Mimi nasema fungua!"

"Hapana, afande."

Akanipiga kwa kitako cha bunduki, nikapoteza meno haya ya mbele, wakanipeleka kambini siku mbili. Treni ya shaba ikapita salama na watu wake. Uliniosha vidonda wewe mwenyewe, ukasema ndipo ulipojua unataka kuwa mtu wa hospitali. Majirani walileta ndizi na maziwa. Padri alinitaja kanisani. Nawe ulisema, mbele ya watu wote, "Baba yangu ni mtu asiyeweza kulazimishwa."

Nililala kitandani nikitazama bati. Sikuwa nikiwaza afande. Nilikuwa nikiwaza jinsi lile neno "hapana" lilivyo fupi. Miaka yote ile nilijiambia kwamba nilikuwa kijana, kwamba nyapara alikuwa na nguvu, kwamba mtu mwingine yeyote angefanya vilevile. Kumbe ilikuwa inawezekana kusema, na adhabu yake ni meno. Nyapara hata bunduki hakuwa nayo. Kila aliyenisifu aliniingiza kinamasini zaidi, na wewe kuliko wote.

Ilinichukua mwaka mzima mwingine. Hata woga una mazoea yake. Alhamisi iliyopita nilipowaambia naenda Nyamwamba kukagua reli za pembeni, nilipanda lori la mihogo kwenda Bwera. Nilijua Kabugho yupo, wafanyabiashara wa Butembo kule Kongo walikuwa wameniambia kwamba anauza mawese na vitenge karibu na kituo cha mpakani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amenenepa kidogo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, rozari shingoni. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Baluku. Meno yako yalienda wapi?"

Nilimwambia yote. Ufa, bendera, lile neno "panda", karani. Wateja walikuja akawaambia wangoje. Nilipomaliza alikuwa anafuta chupa ya mawese kwa kitambaa, chupa ileile moja, tangu nilipoanza.

"Minajua," alisema. "Minajua tangu zamani. Bwana yangu hakukunywa asubuhi hata siku moja. Mutu mwenye kulewa anaweza kusimama juu ya mawe? Miye nilijua. Ile sikujua ni kama ni weye ulimwambia apande."

Mteja mmoja aliuliza bei, naye hakugeuka.

"Hiyo ya kupanda," akasema, "hiyo ni mupya."

Akaweka chupa chini. Hakulia, wala hakunitukana, ningependa angenitukana. Nilimwuliza anataka nifanye nini. Nikamwambia nitapanda Mahango nimwambie mama na wazee, nitakwenda kwa padri, popote.

"Mutoto kwanza," alisema. "Mama yako amengoja miaka ishirini, atangoja siku ingine. Mutoto kwanza. Na usimwambie kwa mdomo. Kwa mdomo utalia, atakuhurumia, mambo yatakwisha. Andika. Weka jina yako chini kama uliweka ile siku."

Nikamwuliza kama atakuja stesheni kesho kukuona ukiondoka. "Hapana," akasema. "Nilikuja huko mara mbili. Sasa aje yeye, kama anataka. Kama hataki, hapana mubaya, nitajua kama iko hai na iko na masomo."

Nimefanya alivyosema.

Masika, sikuombi unisamehe. Ningekuomba ungejiona unalazimika, kwa kuwa tumekulea na unatupenda, na mimi nimekwisha kukulazimisha vya kutosha. Biira hajui lolote, alikuwa hajaolewa bado wakati ule, na baadaye nilimwambia kwamba mama yako alifia Kongo. Usimpunguzie upendo kwa ajili yangu. Jumapili nitapanda Mahango kumwambia mama yangu alie sasa kama hakulia wakati ule. Ninamwogopa kuliko nilivyomwogopa afande.

Kuhusu mawaidha, sina haki nayo, lakini jambo moja nitalisema kwa kuwa nililinunua kwa bei ya mtu mwingine. Kule chuoni na baadaye kwenye wodi, kuna siku mkubwa wako atakuambia jambo ni salama, na mtu mdogo, mfagizi pengine, au mama asiyejua kusoma, atakuambia ameona ufa. Nenda ukautazame. Na ukiuona, usijifanye hukuuona kwa sababu unataka kitu fulani. Mimi nilitaka vifungo.

Treni itakapoanza kuingia kwenye mafunjo kesho utahisi inapunguza mwendo. Wasafiri hudhani ni kwa ajili ya daraja. Si daraja. Tuta bado linashuka pale mpaka leo, kila msimu wa mvua tunaongeza mawe, na madereva wana amri ya kupita polepole. Nimeitia sahihi amri hiyo kila mwaka. Ni upande wa ziwa. Hakuna alama, sikuweka.

Bahasha hii nitampa gadi wa treni akukabidhi mkishapita mahali pale, uwe na safari nzima ya kuisoma bila kunitazama usoni. Najua hata hilo ni woga.

Ukifika, usiniandikie mimi kwanza. Mwandikie mama yako. Jina ni Kabugho, kwa mkono wa katekista wa parokia ya Bwera, watamfikishia. Hajui kusoma, mke wa katekista atamsomea, kwa hiyo andika kwa herufi kubwa na maneno mafupi. Mwambie unafananaje. Mimi nilijaribu kumweleza Alhamisi, nikashindwa, kwa kuwa unafanana na Bwambale tupu, na kila nilipoanza kueleza uso wako nilikuwa naeleza wake.

Nasikia mnateremka. Biira anacheka njiani.

Ni mimi Baluku, kaka mkubwa wa baba yako.